Nilivyompima Nyandeng

Jirani yangu hapa Lodwar kila alfajiri huwasha jiko la makaa kwa plastiki. Mimi wakati huo huwa bado nimelala, maana sina haraka na dunia, na moshi ukiingia dirishani nautambua kabla sijafungua macho. Jumatatu lilikuwa beseni. Jumanne, kifuniko cha mtungi. Juzi alipata kipande cha paipu ya maji, ile ya kijivu, nikaamka nikikohoa, machozi yakinitoka, nikasukuma dirisha kwa mguu likajifunga bila mimi kutoka kitandani. Hicho ndicho kipaji changu. Nilisoma mpaka kidato cha nne, cheti kiko chini ya godoro na hakuna aliyewahi kukiomba, lakini choma plastiki yoyote mbele yangu nitakuambia ilikuwa nini ilipokuwa hai.

Sisi wa umri huu ndio tulioona plastiki ikiingia mikononi mwa wazee waliokuwa hawaijui. Bibi yangu kule Namoruputh alitunza maziwa kwenye kibuyu, na kibuyu kilioshwa kwa kijinga cha moto: unakitia ndani, unatikisa, unamwaga majivu, maziwa yanakaa na harufu ya moshi. Siku aliyoletewa mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, akauona mwepesi, mzuri, una mkono wa kushikia. Akatia kijinga ndani, akatikisa. Mtungi ukajikunja kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Tulicheka mpaka akatufukuza kwa fimbo, na nadhani ndiyo siku niliyojifunza kwamba kumcheka mtu asiyejua kitu ni tamu kuliko kukijua kitu chenyewe.

Nilipelekwa Kakuma kwa shangazi Asekon, dada yake baba, kwa sababu mbili. Ya kwanza, shule ilikuwa karibu. Ya pili, nyumbani nilikuwa nimeshindwa na mbuzi. Mbuzi wanataka mtu wa kutembea, na mimi nilipenda kukaa. Shangazi alinipokea, akanizunguka mara moja kama anayenunua punda, akasema, "Akiru, wewe Mungu alikuumba matako, miguu akasahau. Sawa. Hapa kuna kazi ya kukaa."

Kazi yenyewe ilikuwa plastiki. Shangazi alikuwa na uwanja uliozungushiwa miiba, kati ya mji na kambi ya wakimbizi, ukingoni mwa laga, ule mto wa mchanga usio na maji ila mvua ikinyesha. Watoto wa pande zote mbili, wa kwetu na wa wakimbizi, walileta walichookota, naye akawapa sukari kwenye kikombe. Kila baada ya wiki kadhaa lori lilikuja kutoka Kitale kubeba magunia. Mimi nilikaa chini ya kibanda cha turubai nikichambua, na katika maisha yangu yote sijawahi kupata cheo kikubwa kama kile.

Shangazi hakujua kusoma, lakini plastiki aliijua kama mganga anavyojua mizizi. Alinifundisha kila aina na tabia yake. Chupa za maji, zile zilizotupwa kutoka kwenye magari ya maofisa, ni angavu na ukiziminya zinapiga kelele kama mtu anayetafuna karanga, na ukikata kipande ukakitia majini kinazama. Mitungi na madebe ya sabuni ni migumu yenye ngozi kama ya nta, inaelea, na ukiichoma inanuka mshumaa. Ndoo, mabeseni, viti na vikombe, hivyo navyo vinaelea, lakini ukivikunja mahali pa kukunjia panageuka peupe kabla hapajavunjika. Majuala na yale mashuka ya kuezekea nyumba kambini hayo ni laini, hayana mlio kabisa. Halafu kuna paipu. Paipu inazama, ukiigonga inalia vibaya, na ukiichoma moshi wake unakukwaruza koo mpaka unatamani kutapika.

Hivyo kila kipande chenye shaka tulikipima kwa mpangilio: kunja, kwaruza kwa ukucha, gonga usikilize, tia majini, mwisho choma ncha unuse. Na chochote kilichokuwa paipu kilitupwa lagani. Hapo shangazi hakuwa na mzaha, kwa sababu ya dereva wa lori. Dereva yule alikuwa na tabia ya kuingiza mkono katikati ya gunia, mpaka begani, kama daktari wa ng'ombe, na akitoa kipande kimoja tu cha paipu, gunia zima linabaki. "Moja peke yake inaharibu sufuria yote huko kiwandani," alisema. "Mama, hii gunia yako haiendi." Na haikwenda. Nimeona shangazi akipiga magoti mbele ya gunia lililokataliwa, mwanamke aliyekuwa akitukana machifu.

Sasa chukua mtoto wa miaka kumi, mvivu, ambaye hajawahi kuwa wa kwanza kwa lolote, umpe elimu hiyo. Nikaanza kuchambua watu. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kiti cha plastiki: ukimwegemea sana anapasuka. Mtoto wa mwenye duka alikuwa chupa ya maji, anang'aa, ndani hamna kitu. Watoto wakanipenda kwa hilo. Walikuja kibandani wakisema, "Akiru, na mimi je? Mimi ni nini?" nami nilifumba jicho moja, nikawaminya mkono, nikatoa hukumu. Wengi niliwapa mtungi, kwa sababu mtungi ulikuwa na heshima. Kwenye foleni ya maji mtungi husimama badala ya mwenyewe.

Nyandeng hakuuliza. Alikuwa mtoto wa Kidinka, mrefu kunizidi kwa kichwa kizima ingawa tulilingana miaka, na aliishi kambini na mama yake na mdogo wake Majok. Alileta plastiki nyingi kuliko mtu yeyote, imeoshwa kabisa, na baada ya kupewa sukari yake hakuondoka. Alikaa karibu nami akichambua bure. Mikono yake ilikuwa na haraka. Shangazi alianza kusema, "Huyu mtoto wa Sudan ana akili ya plastiki," akinitazama mimi. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba chini ya ukucha, nikawa namtania kila siku: miguu ya korongo, shingo ya mtungi uliosahauliwa juani. Yeye alicheka. Alidhani ndivyo marafiki wa Kiturkana wanavyoongea, na kusema kweli hakukosea sana.

Halafu siku moja alikuja na habari. Majina yao yalikuwa yametokea kwenye orodha ya ubaoni. Wangepelekwa ng'ambo, kwenye nchi yenye baridi, mama yake, Majok na yeye. Karatasi zao zilitiwa kwenye mfuko mweupe wa plastiki ngumu, wa kuvaa shingoni, na mama yake aliulalia kila siku ili usiibwe. Basi lingekuja baada ya siku saba.

"Huko kila nyumba iko na maji ndani," Nyandeng aliniambia. "Unafungua tu hivi."

"Nani amekuambia utafika?" nikasema.

"Jina yangu iko."

"Jina ni ya kuandika tu. Lori ikija si tunapeleka magunia yote? Na yote yanaenda?"

Nilimwona akifikiri, na utamu ule wa Namoruputh ukanirudia mdomoni.

Sitaki mnielewe vibaya kwamba nilikuwa nadanganya tu. Nusu yangu iliamini. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema kwamba watu wa kambini huhojiwa, hupimwa damu, hupimwa kifua, hupimwa meno, na kwamba familia nyingine husimamishwa nzima kwa sababu ya mtu mmoja aliyeonekana na kitu. Kwa akili yangu ya kibandani, kulikuwa na dereva mahali fulani mwenye mkono mrefu, anauingiza kati ya watu mpaka begani. Ningewezaje kufikiri vingine? Dunia nzima niliyoijua ilikwenda hivyo. Lakini ile nusu nyingine ilijua vizuri ilichokuwa ikifanya, na ndiyo iliyokuwa ikiongea.

Siku mbili baadaye Nyandeng akaja mchana, shangazi akiwa amelala. Akasema kwa sauti ndogo, "Akiru, nipime."

"Kupima nini?"

"Kama nitaenda."

Nilimpeleka nyuma ya rundo la mabeseni. Nikamkunja kidole cha shahada kuelekea nyuma, polepole, nikitazama kama pangegeuka peupe. Kwenye kiungo pakageuka peupe, kama pa mtu yeyote. Nikasema, "Mm." Nikamkwaruza mkono kwa ukucha kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani, mstari ukabaki wa majivu. Nikasema tena, "Mm." Nikamgonga paji la uso kwa fundo la kidole, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu, nikaweka sikio.

"Inasema nini?" akauliza.

"Nyamaza, unaharibu mlio."

Tulikuwa na pipa la buluu la maji ya kupimia. Nilimwambia ainame atie uso. Akatia. Nikaweka kiganja kisogoni mwake nikakandamiza, nikahesabu mpaka kumi na tano, polepole nilivyoweza. Mabega yake yalianza kutetemeka lakini hakuinua mikono. Mpaka leo hilo ndilo linalonisumbua, kwamba hakuinua mikono. Alipotoka alikuwa anakohoa maji kwa pua.

"Umezama," nikamwambia.

"Umenisukuma."

"Beseni nikilisukuma linarudi juu lenyewe. Wewe umerudi?"

Akajipangusa uso kwa gauni. Alikuwa ameanza kulia, ila kwa maji yale usingeweza kutofautisha. "Bado moto," akasema. Yeye ndiye aliyekumbusha. Alijua kazi vizuri kuliko mimi.

Nywele zake zilikuwa zimesukwa vijiti vidogo kwa ajili ya safari. Nikashika kijiti kimoja, cha nyuma ya sikio, palipobaki pakavu, nikawasha kiberiti, nikachoma ncha. Ikasokota, ikatoa moshi kidogo. Tukanusa wote wawili. Ilikwaruza koo. Ilinuka vibaya, uchungu, kitu cha kukufanya ugeuze uso, na Nyandeng, mwenye akili ya plastiki, akasema kabla yangu.

"Paipu."

Ningeweza kucheka hapo, tukacheka sote, ikaisha. Badala yake nikavuta uso kama shangazi anavyouvuta. "Mimi sikutaka kukwambia," nikasema.

"Na Mama? Na Majok?"

"Gunia ni moja."

Aliondoka bila sukari yake. Jioni hiyo, nikiwa peke yangu nikisubiri ugali, nilijikata nywele kidogo juu ya paji la uso, nikazishikilia kwenye makaa. Zilikwaruza koo. Zilinuka uchungu uleule. Nikaziangalia zikiisha. Shangazi akaniuliza nachoma nini, nikamwambia ni uzi, halafu ugali ukaiva nikala, tena nikaongeza. Zilikuwa zimebaki siku tano, na Nyandeng alikuja kila siku kati ya hizo. Alichambua bila kuongea. Kila alipofika nilijiambia nitamwambia akimaliza gunia hili.

Siku ya basi alikuja alfajiri na mapema, amevaa sweta ya kijani na viatu vya plastiki vipya, vile vyenye matundu, vya kupewa. Akasema, "Mimi nabaki. Wao wataenda vizuri." Akafungua gunia kubwa la chupa za maji, akaingia mpaka mwisho, akajifunika kwa chupa. Akaniambia funga. Nikafunga. Gunia lilipiga kelele kila alipopumua, zile za karanga, mpaka akajifunza kupumua kidogokidogo.

Mama Nyandeng alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anatembea. Mara ya pili alikuwa anakimbia, mfuko mweupe ukimpiga kifuani, Majok akivutwa kwa mkono. Mara ya tatu alikuja na shuka limemwanguka begani na hakuliinua.

"Ejok, Mama," shangazi alimsalimia mara ya kwanza, kwa desturi tu, na hakujibiwa.

"Akiru, mwanangu," akaniambia mara hiyo ya tatu. Hakuwahi kuniita mwanangu. "Wewe ndiyo rafiki yake. Nyandeng iko wapi? Basi imewasha moto. Wanaita jina. Mimi naomba wewe."

Shangazi naye akanikazia macho. "Sema kama umemwona."

Nilikuwa nimekaa juu ya mtungi uliopasuka, hatua nne kutoka kwenye gunia. Nilifikiri juu ya fimbo ya shangazi. Nilifikiri juu ya nyumba yenye maji ndani. Na nilifikiri, naandika hili kwa sababu hakuna faida ya kuandika mengine, kwamba huyu mtoto mrefu mwenye mikono ya haraka ameingia kwenye gunia kwa neno langu mimi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufanya jambo kwa neno langu.

"Sijamwona," nikasema.

Honi ya basi ilisikika mara mbili kutoka upande wa kambi. Mama Nyandeng alisimama akiisikiliza. Halafu akakaa chini, palepale mchangani, na Majok akakaa mapajani mwake. Hakulia. Alishikilia mfuko mweupe kwa mikono miwili na kuutazama, kama mtu anayesoma, ingawa hakujua kusoma. Kwenye gunia hakukuwa na sauti hata moja. Nyandeng hakuwa anaona kitu. Alidhani wamekwenda.

Alilipasua gunia akatoka jua likiwa juu, akawakuta wamekaa. Uso wake siwezi kuuelezea, nimejaribu. Akasema kwa Kidinka neno fupi, na mama yake akamgeukia na kumpiga, akampiga kwa kiganja na kwa kiatu kile kipya, na katikati ya kupigwa Nyandeng hakunitazama wala hakunitaja.

Ofisini waliambiwa faili lao limerudishwa, wasubiri. Wakasubiri. Baadaye ile nchi ikafunga mlango, na nyingine ikafungua kidogo ikachukua wengine. Mimi nilimaliza darasa la nane nikaja Lodwar kwa sekondari, na nimekaa Lodwar tangu hapo, kwa sababu ile niliyowaambia mwanzoni: napenda kukaa. Nyandeng alichukua nafasi yangu kibandani. Shangazi alimsifia kwangu kwa simu kila mwaka. Hajawahi kukataliwa gunia tena, alisema, yule mtoto ananusa paipu kabla haijafika getini.

Shangazi Asekon alikufa mwaka jana, nikalazimika kwenda Kakuma. Matanga yalikuwa palepale uwanjani, magunia yamesogezwa pembeni. Nyandeng ndiye aliyekuwa akiwapa watu chai. Bado mrefu, mwembamba zaidi, ana watoto watatu waliozaliwa kambini. Alinikaribisha vizuri. Alinipa chai kwenye kikombe cha plastiki chekundu, akaniwekea vijiko vinne vya sukari bila kuuliza, akakaa kando yangu.

"Umenenepa, Akiru."

"Nimekaa sana."

Tukacheka. Akaniambia mama yake alikufa miaka sita iliyopita, amezikwa kule ng'ambo ya laga. Majok alikwenda Juba na hapigi simu. Halafu akasema, akitazama watu si mimi, "Mama aliniuliza mpaka mwisho. Hata akiwa mgonjwa. Nyandeng, siku ile kwa nini ulijificha? Sikumwambia. Niliogopa akijua kwamba mimi ndiyo kitu mbaya, atanikataa."

Nilikunywa chai kidogo ili mdomo uwe na kazi.

"Nataka kukuuliza kitu moja," akasema. "Sina hasira. Watoto wangu wanakua, nataka kujua kama wamechukua kwangu. Siku ile ulinipima. Uliona nini?"

"Sikuona kitu," nikasema. "Nilichoma na zangu. Zilinuka vilevile."

Akanigeukia. "Ulichoma nywele zako."

"Ndiyo."

"Lini?"

Ningeweza kusema mwaka uliofuata. Ningeweza kusema nikiwa sekondari, maabara, mwalimu wa kemia alituonyesha. Nilikuwa na uongo mzuri wa kutosha, na yeye angeupokea, maana alikuwa amezoea kupokea maneno yangu.

"Jioni ileile," nikasema.

Midomo yake ilihesabu siku. "Kabla ya basi."

"Kabla ya basi."

Nyandeng alinyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka mikononi mwangu, chai ikiwa bado nusu. Akaimwaga mchangani, akakisuuza kwenye ndoo mara moja, mara ya pili, akakinusa, akakisuuza tena. Kisha akakijaza chai, akampelekea mgeni mwingine.